Nidanganye Nikupakulie

Kwetu huwezi kuwa mtu wa nyumba mpaka udanganye. Nasema mapema kwa sababu nimechoka kuwaeleza watu mmoja mmoja, na kila ninapoeleza naonekana kama nimetoka kwenye familia ya matapeli. Sisi si matapeli. Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru mpaka akastaafu, mama yangu aliimba kwaya mpaka mwisho wa uhai wake, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi ambayo mtu huifanya akiwa mkweli kwa sababu watoto wanakuona hadi mfukoni. Lakini ukitaka kuoa au kuolewa kwetu, utakalishwa mezani, sahani yako itafunikwa kifudifudi mbele yako, na mwenye kushika upawa atakuambia, "Nidanganye nikupakulie." Usipodanganya, hupakuliwi. Hata kama huyo kuku umemleta wewe mwenyewe.

Haya mambo tuliyatoa vitabuni. Mama alivikuta mjini, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatandaza gunia kando ya barabara na kuuza vitabu vya mitumba. Vilikuwa sita, vya Kiingereza, vyote vya hadithi ya nchi moja ambayo haipo. Cha kwanza hakikuwa na jalada, na cha nne kilinuka mafuta taa mpaka leo kinanuka. Mimi nilikuwa nimeanza shule juzijuzi na ndugu yangu mdogo bado alikuwa anakula mchanga. Kiingereza chetu hakikutosha hata kuomba maji. Kwa hivyo Mama alisoma kwa Kiingereza kwa macho na kwa Kiswahili kwa mdomo, huku mikono ikichambua maharagwe ya kesho.

Na alivyosoma! Mfalme wa kitabuni alizungumza kama chifu kwenye baraza, kila sentensi inaanza na "wananchi". Farasi alikuwa punda, kwa sababu punda tulimjua. Theluji ilipoanguka, Mama alifikiri kidogo akasema, "Ni baridi ya Molo, lakini nyeupe," na tukaelewa papo hapo, ndugu yangu akavuta blanketi. Nilipokua nikavisoma mwenyewe, nilikasirika kweli. Havikuwa vitamu vile. Mwandishi alikuwa ameacha mambo mengi sana ambayo Mama aliyaona.

Ile nchi ilikuwa na ukuta, na maadui wake walikuwa watu wa majivu. Mtu wa majivu anafanana nawe kila kitu: sauti, vidole, hata kovu la goti. Shida yake ni moja tu. Hawezi kusema jambo ambalo halipo. Ukimwuliza habari anakupa habari kamili, kama karani, na hapo anakuwa amejifichua. Basi langoni alikaa bibi mmoja na chungu chake na upawa wake, na kila aliyefika, awe mfalme awe mchunga mbuzi, aliambiwa adanganye. Aliyedanganya alipakuliwa akaingia. Aliyeshindwa alimwagiwa mchuzi, akabomoka hapohapo. Sisi tulikuwa tunakaa chini ya Menengai, mlima wa volkano. Hatukuhitaji kuuliza majivu yalitoka wapi.

Wa kwanza kuulizwa nyumbani kwetu alikuwa Baba. Alirudi kutoka kazini na mafuta ya grisi mpaka kwenye nyusi, akanawa, akaketi, akakuta sahani imefunikwa kifudifudi na mke wake amesimama juu yake na upawa. "Nidanganye nikupakulie." Sisi watoto tulikuwa tumeshikana mikono chini ya meza kwa hofu. Baba ni mtu wa maneno machache, hata simu anaijibu kama inamkatia kodi. Akamwangalia Mama, akaangalia sufuria, akasema, "Mimi sikoromi."

Aki tulicheka! Ndugu yangu alianguka kutoka kwenye kiti. Majirani wa pande zote mbili walijua Baba anavyokoroma, na nadhani hata wa nyuma. Mama akageuza sahani, akampakulia ugali wa mwanamume wa kweli, si wa majivu, na kuanzia siku hiyo desturi ikawa desturi.

Tulikuwa na nyingine, ndogondogo. Stima ikipotea, anayeongea wa kwanza ndiye mlinzi wa ukuta na lazima aende kutafuta mshumaa, kwa hivyo kwetu stima ikipotea nyumba nzima inanyamaza kama kanisa la watu waliokasirikiana. Lakini hii ya uongo ndiyo iliyokuwa na sheria. Uongo uwe mkubwa hivi kwamba hakuna mtu anayeweza kudanganyika nao. Mtu mmoja angalau acheke. Hakuna anayekula kabla aliyeulizwa hajapakuliwa. Na haiulizwi kwa kila mpita njia, ni kwa yule anayekuja kukaa.

Mchungaji wetu ndiye peke yake aliyewahi kupata msamaha kwenye hiyo sheria ya mwisho. Alikuja kutembea, akasikia habari, akakunja uso, akaanza kumhoji Mama kama ni vizuri kulea watoto hivyo. Mama akamjibu, kwa adabu zake zote za kwaya, kwamba uongo ambao haumdanganyi mtu hauna wa kumkosea. Mchungaji akafikiria. Kisha akageuza sahani yake mwenyewe kifudifudi, akakohoa, akasema, "Jumapili hii mahubiri yatakuwa mafupi." Mama alicheka mpaka akaketi chini. Firigisi ilienda kwa mchungaji bila mjadala.

Mume wangu ni mtu wa pande za Kariandusi, kule kwenye yale mashoka ya mawe ya watu wa zamani za kale. Siku yake ilipofika alitoka jasho mpaka nikamhurumia, maana nilikuwa nimemficha desturi yetu ili nione atakavyofanya. Akasema, "Yale mashoka yote ni ya babu yangu. Aliyaweka chini akaenda kunywa chai, akirudi akakuta wazungu wameshazungushia ua." Mama akamtazama kwa muda mrefu, akaniambia mbele yake, "Huyu chukua." Mke wa ndugu yangu naye, msichana wa Molo, alisema kwao baridi ni kali hivi kwamba ng'ombe wakikamuliwa yanatoka mabarafu, na watoto wanapelekwa shule na vijiti vya kulambia. Huyo alipakuliwa kabla hajamaliza sentensi.

Kisha Mama akafariki. Hilo siwezi kuliandika kwa utani na sitaki kuliandika kwa namna nyingine, kwa hivyo naliacha hapo. Hakuna aliyepewa upawa. Wageni wa matanga walipokwisha kuondoka nilikuwa napakua chakula cha sisi wenyewe, nikaona ninao mkononi, na hakuna aliyeniambia niuweke chini.

Miaka ikapita. Halafu vikaanza viazi.

Baba, mstaafu, mtu wa redio na gazeti la jana, ghafla akaanza safari za Molo kununua viazi. Mara ya kwanza tukamsifu. Viazi vya Molo ni vizuri. Mara ya pili tukashukuru. Baadaye gunia lilikuwa linafika kabla la kwanza halijafunguliwa. Tukala viazi vya kuchemsha, vya kukaanga, vya kuponda na mbaazi, viazi kwenye chai ya asubuhi, mpaka mume wangu akaniuliza kama mzee amefungua ghala. Ndugu yangu ndiye aliyeng'amua. Yeye ni dereva wa lori, njia ya Eldoret, na siku moja aliegesha Salgaa, pale malori yanapopumzikia, akaingia hoteli fulani kula. Akamkuta Baba pale kwenye kona, na chapati mbele yake, na shati la kanisani, siku ya Jumatano.

"Niaje mzee," ndugu yangu akamsalimu, kwa mshtuko.

"Nimekuja viazi," Baba akasema.

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja mjane, mpole, wa umri wa kuitwa nyanya na wajukuu wa watu. Ndugu yangu akaniambia kwamba alipotaka kulipa, yule mama alikataa kabisa, akaingia jikoni bila kugeuka. Basi, tukajua.

Nitasema ukweli wangu: nilikasirika mpaka meno yakauma. Kwani Baba alikosa nini? Nyumba ilikuwa safi, nguo zilipigwa pasi, mimi mwenyewe nilikuwa naenda pale kila baada ya masomo kumpikia. Ndugu yangu aliniambia mtu hachoki kupikiwa, anachoka kula peke yake. Nikamwambia apeleke hekima yake Salgaa. Nilikuwa nimekalia kiti cha Mama kwa roho yangu yote, na mtu alikuwa anakuja na kiti chake mwenyewe.

Baba akanipigia simu. "Jumapili kuna mgeni."

"Mgeni wa kula au mgeni wa kukaa?"

Nikasikia redio yake nyuma, matangazo ya mbegu. "Utaona mwenyewe," akasema, akakata.

Nikaweka mpango. Sitamfukuza, nimelelewa. Sitanuna. Nitapika kuku vizuri, nitamkaribisha, nitampakulia wa kwanza kabisa, kwa heshima. Lakini sitamwuliza. Kwetu mtu akipakuliwa bila kuulizwa, ni mgeni, na mgeni hula akaenda kwake. Hakuna ambaye angeweza kunilaumu kwa kumpa mtu chakula.

Akaja na ndugu yangu kwenye lori, sweta ya bluu, kitambaa kichwani, chapati zimefungwa kwenye leso bado zina moto. Nikazipokea. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu zote zisihitaji kumwita jina lolote: karibu, keti hapa, safari ilikuwaje, pole na vumbi. Akaketi pale nilipomwonyesha, akashika glasi yake ya soda kwa mikono miwili. Na mbele yake, ukutani, ilikuwa picha ya Mama, ile kubwa, na sare ya kwaya.

Jamani, aliitazama ile picha! Nikiingia na ugali namkuta anaitazama. Nikirudi na mboga anaitazama. Akiona nimemwona, anarusha macho kwenye soda kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, halafu polepole macho yanarudi kule kule. Ndugu yangu alimwona, mke wake akamwona, mume wangu akamwona mpaka akajaribu kuanzisha mazungumzo ya mpira. Mimi nilifurahi. Nikasema moyoni, mwangalie vizuri.

Tukaomba. Nikachukua upawa, nikaenda kwake kwanza, kama nilivyopanga. Nikanyoosha mkono.

Baba akanyoosha wake. Akaichukua sahani ya yule mama, akaigeuza, akaiweka kifudifudi mezani.

Ningependa mnielewe. Baba yangu hagusi vyombo. Hata kikombe chake cha chai kikiwekwa mbali atakiangalia mpaka kipoe. Na sasa alikuwa ameshika ile sahani kwa vidole vyote kumi, ananiangalia. Nilimjua Baba akiamrisha, hakuwa anaamrisha. Alikuwa ananiomba, na ni jambo ambalo hajui kulifanya, kwa hivyo uso wake wote ulikuwa umekaa vibaya.

Nikasema. Niliisema kwa sauti ya mtihani wa taifa: "Nidanganye nikupakulie."

Yule mama akatuangalia wote. Baba hakuwa amemwambia lolote, bila shaka. Huyo ndiye Baba. Ndugu yangu akamweleza haraka haraka: vitabu, ukuta, majivu, bibi wa langoni, Mama. Akasikiliza hadi mwisho, akaweka glasi chini.

"Mimi nimeokoka," akasema. "Sidanganyi."

Nitasema ukweli tena: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nimeuliza, hakujibu, mambo yameisha bila mimi kuchafua mikono. Bibi wa langoni angemwaga mchuzi.

"Si kudanganya kabisa, mathe," ndugu yangu akambembeleza. "Ni kama utani hivi. Sema hata una ndege uwanjani."

"Sina ndege."

"Ndiyo maana useme unayo!"

Mume wangu akajaribu kwa njia ya dini. "Ichukulie kama mfano. Hata Bwana alizungumza kwa mifano."

"Ile ilikuwa mifano ya Bwana," yule mama akasema bila ukali. "Hii ni yenu."

Tukakaa. Kuku akawa anapoa na mchuzi ukaanza kufanya ngozi juu. Kwa sheria yetu hakuna aliyeweza kula, na tumbo la ndugu yangu likalia kwa sauti ambayo wote tulijifanya hatukuisikia. Baba alikuwa bado ameshika sahani.

Yule mama akamgeukia. "Na wewe, mzee? Wewe ulisema nini?"

Baba akaangalia meza. Mke wa ndugu yangu ndiye aliyemjibia. "Alisema hakoromi."

Yule mama akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. "Hakoromi! Si hulala pale kwangu kwenye kiti akingoja chapati? Madereva wanatoka nje kuangalia kama ni lori limewashwa. Mmoja aliacha chakula akaenda kufunga breki."

Wote wakacheka, na Baba akacheka kidogo puani. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ninayemtandikia kitanda. Tangu Mama atutoke, shuka ninazoweka ndizo ninazozitoa, hazina hata mkunjo, na blanketi liko kwenye kiti karibu na redio. Nilimpeleka kliniki wakampa dawa, zikakaa kabatini. Nilimpikia kila kitu nilichojua. Baba yangu alikuwa halali, na nilikuwa nimeacha kumwuliza kwa sababu jibu lilikuwa lile lile, "Nimelala, nimelala." Na kumbe alikuwa anapanda gari mpaka Salgaa, kwenye kelele za malori na harufu ya dizeli, akapate usingizi kwenye kiti cha mbao. Niliona wivu, nikaona aibu, nikaona pia nafuu, vyote pamoja, na sikujua nikunje uso upi.

Upawa ulikuwa mzito. Nadhani niliushusha kidogo, kwa sababu yule mama alinitazama, mara ya kwanza hasa kunitazama mimi.

"Haya," akasema. "Mungu atanisamehe."

Akakaa wima. Mikono akaificha chini ya meza. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua ndoo iliyojaa.

"Ile picha pale ukutani," akasema, "tangu niingie sijaitazama hata mara moja. Na huyo mama simwogopi."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko mashoka yote ya Kariandusi. Wote tulikuwa tumemwona. Lakini hakuna aliyecheka, na sheria inataka mtu acheke, na wote wakanigeukia mimi niliyeshika upawa. Baba aliiachilia sahani. Macho yake yalikuwa yamejaa, ameyaacha tu hivyo, hayapangusi.

Nilitaka kusema kitu cha adabu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hata mimi," nikasema, "nimeshamsahau."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Mimi hata sauti yake siikumbuki," akasema.

Tukamngoja ndugu yangu. Alikuwa anaangalia ile picha, na nilidhani hataweza.

"Mama yupi?" akauliza.

Basi tukacheka. Yule mama wa Salgaa alicheka kwa sauti kutuzidi wote, machozi yanamtoka, anaomba msamaha kwa Mungu katikati. Nikaigeuza sahani yake nikampakulia, na sikuona vizuri nilichokuwa nakipakua.